CanReg5 mezani kwa karani wa saratani, Dar es Salaam

Tuanze na hukumu, maana wengi wanaouliza kuhusu CanReg5, programu ya rejista ya saratani (daftari la wagonjwa wote wa saratani wa eneo fulani), wana bajeti ya kuandika na muda mchache. Ofisi inayotaka kuhesabu saratani za wakazi wa Dar es Salaam, mwaka baada ya mwaka, ichukue CanReg5. Haitozwi hata shilingi. Ofisi inayotaka kupanga miadi ya wagonjwa, kufuatilia mizunguko ya dawa au kutoa bili isiiguse, itajuta mapema.

Programu hii hutolewa na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani yenye makao yake Lyon, Ufaransa. Inaendeshwa na Java, kwa hiyo Windows, Mac na Linux zote inakaa. Kompyuta moja inatosha kuanza. Zikiwa nne au tano, moja inakuwa seva na nyingine zinaingia kupitia mtandao wa ndani wa ofisi. Intaneti haihitajiki kwa kazi ya kila siku, na kwa ofisi nyingi za hapa hilo ni nafuu kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye mwongozo wake. Kompyuta ya pili ikigoma kuiona seva, angalia kwanza ulinzi wa mtandao wa Windows kwenye ile seva, kisha uangalie kama anwani ya seva imebadilika baada ya kuzimwa na kuwashwa. Seva ipewe anwani isiyobadilika, vinginevyo kila Jumatatu asubuhi mtaanza na tatizo lilelile.

Kuisakinisha programu si kazi. Kazi iko kwenye faili la maelezo ya mfumo, lile la XML, ambamo unaamua sehemu zipi zijazwe, zina herufi ngapi, zipi ni za lazima, na orodha gani itokee mbele ya karani. Hapa ndipo ofisi nyingi hujiharibia. Kila daktari anayeitwa kwenye kikao anaongeza jambo lake: kabila, kazi, idadi ya watoto, uvutaji sigara, hali ya VVU, dawa alizotumia. Orodha inafika sehemu sabini. Baada ya miezi sita, sehemu hamsini kati yake zimejaa alama ya "haijulikani", kwa sababu mafaili ya wodini hayana majibu hayo. Shikilia yale ambayo faili la kawaida linayo kweli: majina matatu, jinsi, tarehe ya kuzaliwa au umri, makazi, tarehe ya kugundulika, mahali uvimbe ulipoanzia, aina ya seli, tabia ya uvimbe (kama ni saratani au la), msingi wa utambuzi (njia iliyotumika kuugundua), na chanzo cha taarifa. Hatua ya ugonjwa iongezwe. Hali ya VVU iongezwe pia iwapo kliniki zinaiandika, kwani kwa Kaposi sarkoma (saratani inayoonekana hasa kwenye ngozi) na saratani ya mlango wa kizazi ina maana yake. Mengine yasubiri utafiti maalumu.

Lugha za programu yenyewe ni za wenyewe, Kiswahili hakimo. Hata hivyo majina ya sehemu za kujaza mnayaandika nyinyi ndani ya lile faili, basi andikeni "Kata anayoishi", si kitu kingine. Karani anayesoma swali kwa lugha yake hakosei makosa ya kijinga.

Moyo wa CanReg5 ni majedwali matatu yanayoshikana: mgonjwa, uvimbe, chanzo. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na uvimbe zaidi ya mmoja, na uvimbe mmoja unaweza kuwa na vyanzo vingi. Kwa Dar es Salaam mpangilio huu ni dawa. Mama wa Mbagala anaanzia hospitali ya rufaa ya mkoa Temeke, kinyama (kipande cha uvimbe kilichokatwa kwa uchunguzi) kinapelekwa maabara nyingine, anapewa rufaa Muhimbili, anamalizia mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hapo kuna namba nne tofauti za faili au za maabara, mtu mmoja, uvimbe mmoja. Kwenye Excel angekuwa wagonjwa wanne. Kwenye CanReg5 ni mgonjwa mmoja mwenye vyanzo vinne, na kila chanzo kina hospitali yake, namba yake na tarehe yake. Karani akijaza namba ya maabara kwenye jedwali la mgonjwa badala ya la chanzo, faida yote hii inayeyuka.

Ili mama huyo awe mmoja kweli, lazima atafutwe kabla ya kuandikishwa. Programu ina kifaa cha kutafuta mtu anayefanana na mwingine: inalinganisha majina, jinsi na tarehe ya kuzaliwa, inatoa alama, na kila sehemu unaipangia uzito wake. Mipangilio ya mwanzo haikutungwa kwa majina ya pwani. Khadija na Hadija, Ramadhan na Ramadhani, Zainab na Zainabu, Mohamed mwenye tahajia saba. Halafu anayeandikwa jina la baba hapa na jina la mume kule. Ushauri wetu ni huu: kwanza fanyeni tahajia moja ya kuingizia (konsonanti ya mwisho iongezwe irabu au isiongezwe, amueni moja), uzito wa jina la kwanza na jinsi uwe mkubwa, na uzito wa tarehe ya kuzaliwa upunguzwe. Sababu ya kuupunguza ni kwamba wazee wengi hutaja umri, si tarehe, na mifumo ya mapokezi hujaza tarehe 1 Januari ili iruhusiwe kuendelea. Ukiiamini tarehe hiyo, watu wasiohusiana kabisa watafanana, na mtu yuleyule aliyetaja miaka 60 hapa na 63 kule ataonekana wawili. Pale ambapo siku na mwezi havijulikani, CanReg5 inapokea 99, nayo itumike, msibuni tarehe. Namba ya simu na namba ya NIDA zikipatikana ziwekwe, ila msizifanye za lazima. Sehemu ya lazima isiyo na jibu humfundisha karani kudanganya.

Makazi ndiyo sehemu itakayowatoa jasho. Ocean Road inapokea wagonjwa kutoka nchi nzima, na wengi wao wakiwa kwenye matibabu hufikia kwa ndugu: Tabata, Kimara, Gongo la Mboto. Wakiulizwa wanaishi wapi, wanataja kwa ndugu. Karani akiandika hivyo, mgonjwa wa Lindi anageuka mkazi wa Ilala na kiwango cha saratani cha jiji kinavimba bure. Swali sahihi ni alikuwa anaishi wapi kwa miezi kadhaa kabla ya ugonjwa kugundulika, na barua ya rufaa mara nyingi hujibu vizuri kuliko mdomo.

Orodha ya kata ijengwe kwa mkono, polepole. Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke, kwa hiyo faili la 2014 linalosema "Kinondoni" linaweza kuwa la mtu ambaye leo ni wa Ubungo. Anayesema "Mbezi" anaweza kumaanisha Mbezi Beach, Kinondoni, au Mbezi Luis, Ubungo. Karani asikubali Mbezi tupu. Mipakani kuna mitego mingine: Bunju ni Dar es Salaam, ukivuka kidogo tu Mapinga ni Bagamoyo, mkoa wa Pwani. Chanika ni Ilala, Vikindu ni Mkuranga. Watu wa Mapinga na Vikindu husema wanatoka Dar, na wana haki yao, lakini rejista haina budi kuwaweka Pwani. Misimbo ya kata iwe na namba za akiba katikati ili kata mpya ikizaliwa isivuruge orodha.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wa makosa, sehemu inayotufanya tuipende programu hii. Kila uvimbe huandikwa kwa misimbo ya ICD-O-3, orodha ya kimataifa ya misimbo ya saratani: topografia ni mahali ulipoanzia, mofolojia ni aina ya seli, na tarakimu ya mwisho ni tabia yake. Skwamasi (saratani ya seli bapa) ya mlango wa kizazi ni C53.9 na 8070/3. Kaposi sarkoma ni 9140/3, Burkitt limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) 9687/3, saratani ya kawaida ya mifereji ya titi 8500/3. Karani akimaliza, programu inapambanisha jinsi na mahali, umri na mahali, mahali na mofolojia, mofolojia na msingi wa utambuzi. Rekodi ya mwanaume mwenye saratani ya mlango wa kizazi haipiti. Saratani ya tezi dume kwa mtu wa chini ya miaka 40 inapewa onyo: inawezekana, ila karejee faili kwanza, mara nyingi umri umeandikwa vibaya. Misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa yote, inajizalisha yenyewe kutoka ICD-O-3, hivyo karani hana haja ya kuandika ugonjwa mara mbili.

Onyo linalochanganya wengi ni la msingi wa utambuzi. Msingi 1 ni wa kliniki tu, 2 ni picha na vipimo kama ultrasaundi, 5 ni saitolojia (uchunguzi wa seli bila kukata kinyama), 6 ni kinyama cha sehemu ulikosambaa, 7 ni kinyama cha uvimbe wenyewe, 0 ni cheti cha kifo pekee. Ukiandika 8070/3 ukaweka msingi 2, programu inatoa onyo, na ina haki: ultrasaundi haioni seli za skwamasi. Bila kipimo cha kinyama au saitolojia, uvimbe unaandikwa 8000/3, yaani saratani isiyotajwa aina ya seli. Yako magonjwa machache yanayosamehewa, yakiwamo Kaposi sarkoma, retinoblastoma ya macho ya watoto, uvimbe wa Wilms wa figo za watoto na saratani ya seli za ini, 8170/3, kwa kuwa yanaweza kutambulika bila hadubini. Karani mpya akiona onyo hili hukimbilia kubadilisha msingi kuwa 7 ili lipotee. Msimamizi achunguze hilo kila wiki. Ndiyo kosa linaloharibu rejista kimyakimya kuliko yote, maana baada yake hakuna onyo tena na kila kitu kinaonekana kisafi.

Kinyama cha tezi ya limfu ya shingoni nacho kina hila zake. Ripoti inasema skwamasi kwenye tezi, karani anaandika C77.0, tezi za kichwa na shingo. Programu itapiga kelele, kwani skwamasi haianzii kwenye tezi. Tezi ni mahali ilikohamia. Jibu ni kutafuta ilikoanzia: koo, ulimi, nyuma ya pua. Isipopatikana, C80.9 (mahali pasipojulikana) pamoja na msingi 6. Limfoma, inayoanzia kwenye tezi zenyewe, peke yake ndiyo ina ruhusa ya kukaa C77.

Lakini msiiabudu. Kuna makosa ambayo programu haiwezi kuyaona. Uvimbe wa ini uliotoka utumbo mpana, ukiandikwa C22.0 na 8010/3 kana kwamba ulianzia ini, utapita bila neno. "SCC" kwenye ripoti inaweza kuwa skwamasi, 8070, au seli ndogo, 8041. Karani akichagua vibaya kwenye pafu, yote mawili yanakubalika. Alama ya kuuliza kwenye fomu ya kuombea kipimo, ile "?Ca" (huenda ni saratani), si jibu la maabara, na haipaswi kuingia kama saratani. Tarehe nayo: mgonjwa aliyethibitishwa Machi akafika kwenye mionzi Septemba ana tarehe ya Machi. Makarani wanaokaa hospitali ya mwisho wa safari huandika Septemba kwa kuwa ndiyo iliyo mbele yao, na mwishoni mwa mwaka wagonjwa kadhaa huhamia mwaka usio wao.

Kuhusu uvimbe zaidi ya mmoja, kanuni za kimataifa ni kali na hazijali muda uliopita. Matiti mawili huhesabiwa kiungo kimoja: saratani ya kushoto na ya kulia zenye aina moja ya seli ni moja. Kaposi ya mguuni na ya mdomoni ni moja. Programu itatoa onyo mgonjwa akipewa uvimbe wa pili unaofanana na wa kwanza, ila uamuzi ni wa mtu, na mtu huyo awe amezisoma kanuni.

Kuingiza data za zamani kutoka Excel kunawezekana na kunaumiza. CanReg5 huhifadhi topografia kwa tarakimu tatu bila C na bila nukta, hivyo C53.9 inakuwa 539. Vizuri. Sasa C02.9, ulimi, ni 029, na Excel ikiliona 029 inalifanya 29. Umri 007 unakuwa 7. Tarehe zinageuka mwezi ukawa siku. Badilisheni safu zote kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote, kisha hifadhini kama CSV, faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa koma. Jaribuni kwa rekodi 20 kwanza, si 2,000, tena baada ya kutoa nakala ya akiba. Wakati wa kuingiza, programu huuliza ifanye nini ikikuta rekodi iliyopo tayari: ikatae, isasishe au ifute na kuandika upya. Mara ya kwanza chagueni ikatae. Mifumo ya hospitali kama GoTHoMIS haiongei nayo moja kwa moja, basi njia ya CSV ndiyo mtakayoishi nayo.

Majedwali na michoro ya mwisho ni mazuri: saratani kumi zinazoongoza, viwango kwa umri, viwango vilivyosawazishwa kwa mgawanyo wa umri wa watu wa kigezo wa dunia. Baadhi yanahitaji R, programu ya takwimu, iwe imesakinishwa kwenye kompyuta, na mara ya kwanza R itataka intaneti ili ivute vifurushi vyake. Msisubiri asubuhi ya kuwasilisha ripoti.

Viwango hivyo vinahitaji idadi ya watu kwa jinsi na kwa makundi ya miaka mitano, nayo mnaingiza wenyewe kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Rejista inayogawanya wagonjwa wa 2022 kwa watu wa 2012 inajiongezea kiwango kwa takribani asilimia 23 bila saratani hata moja kuongezeka. Kwa miaka ya katikati fanyeni makadirio, kundi kwa kundi, maana vijana hawakuongezeka sawa na wazee.

Angalieni pia asilimia ya wagonjwa waliothibitishwa kwa hadubini. Wakuu hupenda kuiona juu. Ikifika karibu 100 msifurahi: maana yake mnakusanya maabara tu, na wagonjwa wa ini na wa umio waliogundulika kwa picha au kwa kamera bila kinyama hamkuwafikia. Wodi za kawaida, kliniki za tiba shufaa na kumbukumbu za vifo lazima zipitiwe. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Atakayetaka kujua imefanya nini Dar es Salaam atarudi kwenye hesabu hizi za mlango wa kizazi, na zikiwa za maabara tu zitampa jibu la maabara tu.

Umeme. Seva iwe na UPS (betri ya akiba), au iwe kompyuta mpakato yenye betri nzima. Kukatika katikati ya kuhifadhi kunaweza kuacha database ikiwa na kasoro. Nakala ya akiba hutolewa kwa kubofya mara chache, ila huwekwa kwenye diski ileile ya seva, na hapo ndipo wengi huridhika wakaenda nyumbani. Diski ikifa, vyote vimekufa. Kila Ijumaa inakiliwe kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa neno la siri, ikae jengo jingine. Mara moja kwa miezi mitatu irudisheni kwenye kompyuta nyingine muone kama inafunguka. Nakala isiyojaribiwa haina uhakika wowote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. CanReg5 inawagawa watumiaji kwa ngazi, msimamizi, msajili na mchambuzi, nanyi zitumieni kweli. Ofisi ambapo wote wanaingia kwa jina la msimamizi haiwezi kujua nani alibadilisha nini. Mtafiti akiomba data, safu za majina, simu na namba za mafaili ziachwe wakati wa kutoa, na tarehe ya kuzaliwa ibaki umri. Flashi zisizo na neno la siri zipigwe marufuku mlangoni.

Gharama? Programu bure, kompyuta mnazo. Bajeti yote iende kwa makarani wawili au watatu wa kudumu, nauli zao za kuzunguka hospitali, na mtu mmoja wa patholojia wa kujibu maswali yao japo mara moja kwa wiki. Ofisi inayotegemea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa miezi mitatu ianze na mfumo wa mazoezi unaokuja na programu, iukague kwa rekodi mia za kubuni, kisha ijiulize nani atazipitia za kweli wanafunzi wakishaondoka.